Juu ya Mita Themanini

Mabomba ya mlingoti ulioanguka yalirundikwa nyuma ya kituo, kando ya pikipiki zilizokamatwa, na Inspekta Nassra Jecha hakuweza kusimama mahali pamoja. Aliyazunguka. Akaenda mpaka ukutani, akarudi, akayazunguka tena.

"Afande, unanipa kizunguzungu," alisema Koplo Suhaib, dereva wake, aliyekaa juu ya tairi bovu akimalizia chapati. "Kaa japo kidogo. Mabomba hayatakimbia."

"Mabomba hayatakimbia. Munir ndiye atakayekimbizwa mahakamani kesho asubuhi, kwa kesi ya kuua."

"Si kaua?"

"Jalada ndilo linalosema kaua. Mie sijasema."

Jalada lilisema hivi. Shabbir Sultanali, muuza miwani wa Mkunazini, alikutwa Jumapili asubuhi amekufa ndani ya kiwanja chake cha Mangapwani, karibu na bahari, kichwa kimepasuka. Mlingoti wake wa redio ulikuwa umelala chini. Shabbir alikuwa miongoni mwa wale watu wanaozungumza na dunia kwa redio kwa raha zao tu, bila mshahara wala kituo cha matangazo, na kiwanja kile alikitaka kwa ajili hiyo. Aliyemsimamishia mlingoti ni Munir, fundi wa madishi na minara kutoka Mpendae. Aliyeikuta maiti ni Wakil, dalali wa viwanja, ambaye anauza kiwanja cha pili yake.

Na maneno ya Wakil ndiyo yaliyomtia Munir ndani. Alisema Jumamosi alasiri aliwaacha wawili wale wakigombana. Shabbir alitaka mlingoti wa mita themanini, Munir akawa anamkatalia, akashika kamba zinazoushikilia kwa hasira, akawa anazivuruga. Wakil akaenda zake kwao. Asubuhi aliporudi akakuta mlingoti chini na mwenye nao kafa. Ncha ilimpata kichwani.

"Hebu ondoka kwenye tairi," alisema Nassra. "Tuyapange."

"Yote?"

"Yote. Nene kwanza."

Suhaib alijifuta mikono kwenye suruali. Bomba nene kabisa lilikuwa na kigogo cha plastiki kitakoni, cha kulitenga na ardhi. Alilivuta uwanjani. La pili likaingia ndani yake, likakaza. La tatu likaingia ndani ya la pili. Kila bomba lilikuwa jembamba kidogo kuliko mwenzake, na kila moja lilikuwa na tundu la skrubu lililokutana sawasawa na tundu la jirani yake. Askari wawili waliokuwa wakipita na birika la chai wakasimama kutazama.

"Mnavua samaki gani na fimbo hiyo?" aliuliza mmoja.

"Papa," alisema Suhaib. "Wewe ndiye chambo."

Bomba la mwisho lilikuwa jembamba kama kidole gumba, na ncha yake ilizibwa kwa kikombe kidogo cha plastiki kilichofungwa kwa utepe mweusi, mvua isiingie. Nassra alichukua utepe wa kupimia, akampa Suhaib ncha, akaenda mpaka kitakoni.

"Ngapi?"

"Ishirini na kitu. Kitu chenyewe kidogo."

"Na jalada linasema themanini."

"Sitini nyingine zishaibiwa, afande. Si Wakil kasema? Watu wa vyuma chakavu walipita alfajiri kabla yetu."

Nassra aliinama juu ya bomba. "Wameiba kutoka wapi? Kitako hiki hapa. Ncha hii hapa, imefungwa utepe. Kila bomba limeingia kwa mwenziwe wala hakuna lililopwaya. Utaibaje katikati bila kuacha pengo?"

Suhaib aliangalia huku, akaangalia kule. "Basi fundi alimpunja. Mzee kataka themanini, kapewa ishirini. Ugomvi huo."

Hilo nalo lilikuwa neno, tena lilizidi kumzamisha Munir. Nassra alikikata kile kikombe kwenye ncha, akakigeuza. Kilikuwa na maandishi ya buluu, yamefifia kwa jua: Kliniki ya Meno, Hurumzi.

Alipita kwanza mahabusu. Kwenye benchi la nje ya mlango alikaa Bi Mwamvua, mama yake Munir, kanga imefungwa kiunoni, na bakuli la chakula ambalo halikupokewa.

"Shikamoo Bi Mwamvua."

"Marahaba mwanangu. Wamenambia kesho. Kweli kesho?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi andikeni vyengine," alisema bibi yule, wala hakumtazama.

Munir alisimama nyuma ya nondo, mikono imemchubuka kwa kazi.

"Ulimpunja mzee Shabbir?"

"Nimpunje nini, Bi Nassra? Vipimo kaja navyo yeye. Mie nnafunga tu."

"Mligombana?"

"Tuligombana! Wallahi tuligombana. Nilimwambia kamba tatu hazitoshi kwa upepo wa kusi, tutie sita. Akasema tatu leo, nyengine wiki ijayo, usiku ule ule anataka kusema na watu wake. Ndiyo kwanza usimame, saa saba mchana umeshasimama, na hasubiri."

"Kabla ya Jumamosi hapakuwa na mlingoti pale?"

"Palikuwa na mnazi na kibanda chake. Basi."

"Kamba ya upande wa bahari imekatwa kwa panga. Panga lako lilikuwa kwenye begi."

Munir alicheka kicheko kikavu. "Fundi wa minara akakata kamba? Kamba ile ina kibano chini. Unafungua kwa vidole, unaishusha polepole. Anayekata ni asiyejua kufungua."

Nassra alishaanza kuondoka. Munir akampigia kelele kutoka nyuma: "Bi Nassra! Mwambie mama ale!"

Hurumzi gari haiingii. Suhaib aliiacha nje ya Mji Mkongwe, wakaingia kwa miguu, Nassra mbele, akiwapita watalii waliosimama kupiga picha milango. Kliniki ilikuwa ghorofani, ngazi za mbao zikilia kila hatua. Daktari Pooja alikuwa na mgonjwa aliyefunua mdomo.

"Nasubiri," alisema Nassra, na hakukaa. Alitembea baina ya dirisha na mlango hata mgonjwa akawa anamfuata kwa macho.

"Bi Inspekta," alisema Pooja mwisho, "utanifanya nimtoboe ulimi huyu bwana. Kuna nini?"

Nassra alimwonesha kikombe. Pooja alikipokea, akakishika kwa mikono miwili. Alimtoa mgonjwa na pamba mdomoni, akamwambia asile mpaka jioni, akafunga mlango.

"Nilimpa mie," alisema. "Alikuja Ijumaa kusukutua, akasema, Pooja, kikombe hiki saizi yake. Na mie ni mtu wa redio vilevile, hujui? Tuko wachache mno kisiwani. Tuligombana miezi kwa ajili ya mlingoti ule."

"Mligombana kwa lipi?"

"Urefu! Mie nilitaka mfupi, mita kumi na tatu, na juu tuutilie nyaya za kutandaza kama mwavuli. Mwavuli unaifanya antena fupi ijione ndefu. Upepo hauupati sana. Yeye hataki. Anasema mwavuli ni kudanganya, anataka robo kamili."

"Robo ya nini?"

"Ya wimbi." Pooja alichukua kalamu, akachora mstari unaopanda na kushuka juu ya karatasi ya kufungia dawa. "Kila wimbi lina urefu wake. La kwake ni hili, kutoka hapa mpaka hapa mita themanini. Huwezi kusimamisha mlingoti wa mita themanini, utaikamata ndege. Basi unachukua robo. Robo nyengine tatu unamwachia Mungu na nyaya za ardhini."

Suhaib alikuwa anahesabu kwa vidole. "Themanini kwa nne..."

"Ishirini," alisema Nassra.

"Ishirini. Na kitu kidogo cha kurekebisha."

"Kwa hiyo mita themanini siyo mlingoti."

"Ni jina, Bi Inspekta. Jina la njia. Kama unavyosema barabara ya Mangapwani. Barabara haina urefu wa jina lake."

Nassra alisogea dirishani, akafungua jalada juu ya kizingiti. Palikuwa na mchoro wa mahali pa tukio: duara dogo kwa kitako cha mlingoti, msalaba kwa maiti, na namba baina yake. Askari aliyechora hakuona ajabu, maana ameambiwa mlingoti ni wa mita themanini, na msalaba ulikuwa ndani ya themanini vizuri tu.

"Suhaib. Soma hapa."

"Thelathini na mbili."

"Mlingoti wetu?"

"Ishirini na..." Suhaib aliangalia tena ile namba. Akavua kofia. "Haukumfikia."

"Haukumfikia. Hata ungejinyoosha. Mtu alikufa mbali na mlingoti, na mlingoti ukaangushwa." Alimgeukia Pooja. "Kwa nini Mangapwani? Si angekaa hata Mpendae, karibu na mji?"

"Kwa ajili ya bahari. Antena ya kusimama hupenda maji ya chumvi miguuni mwake. Ishara inateleza juu ya maji inakwenda mbali, chini chini. Ukiisogeza juu huku kwenye mawe, umeinyang'anya nusu ya sauti. Ndiyo maana Shabbir hakumuuzia yule dalali."

"Dalali gani?"

"Wakil. Alikuja mpaka dukani kwake. Ana mteja wa hoteli, anataka viwanja vyote viwili pamoja, kimoja peke yake mteja hakitaki. Shabbir alimwambia, nipe bahari nyengine na mie nitahama."

Nassra alilifunga jalada. "Daktari, vaa viatu vya kutembelea mchangani. Una wagonjwa?"

"Wanne."

"Meno hayauwi. Twende."

Wakil alifika Mangapwani mapema kuliko wao. Alipigiwa simu aje aoneshe mahali, akaja na shati jeupe lililopigwa pasi, ananukia udi, na miwani ya jua aliyoipandisha juu ya paji la uso.

"Karibuni, karibuni. Daktari na wewe? Pole sana, Daktari. Pigo letu sote."

Kusi lilikuwa linavuma kutoka kushoto, likiinua mchanga. Kibanda cha Shabbir kilikuwa kimefungwa kufuli la polisi. Nyaya za ardhini zilionekana bado, zimetandazwa kutoka kwenye kitako kama miale, nyengine zimeingia majini.

Nassra hakusalimia kwa urefu. Alisimama kwenye kitako cha mlingoti. "Suhaib, nenda na utepe. Elekea kule ulikoangukia."

Suhaib alikwenda na utepe mpaka ishirini na kitu, urefu wa mlingoti, akachoma kijiti. Mbele yake, mbali, karibu na jiwe la mpaka baina ya viwanja viwili, mchanga ulikuwa bado na doa jeusi chini ya makuti yaliyowekwa na polisi.

"Bwana Wakil, njoo. Ncha ilimpata hapa?"

"Hapo hapo nilimkuta."

"Na mlingoti umefika kijitini."

"Si nshasema? Vipande vya juu vimeibiwa."

"Tumevipanga vyote. Ncha tunayo, na kitako tunacho. Mlingoti ni wa mita ishirini."

Wakil aliishusha miwani machoni. "Ishirini? Basi mtakuwa mmekosea, dada. Mlingoti ule ni themanini."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe! Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Yumo kibandani anazungumza na Brazil, Kiingereza tupu. Nyie mnadhani madalali hatukusoma? Mie wateja wangu Wazungu. Anasema, yuko juu ya mita themanini. Juu! Sasa mtu atakuwaje juu ya themanini kwa kijiti cha ishirini?"

Suhaib alikohoa kuficha kicheko. Pooja hakucheka. Alikuwa amemkazia Wakil macho.

"Kwa Kiingereza," alisema Pooja polepole, "ndivyo tunavyosema. Kuwa juu ya wimbi ni kuwa umo ndani yake, unazungumza kwa njia hiyo. Hakupanda popote."

"Ah! Basi ni lugha tu," alisema Wakil. "Mtu hukosea."

"Hukosea," alisema Nassra. Alianza kumzunguka kama alivyoyazunguka mabomba asubuhi. "Uliyasikia lini maneno hayo?"

"Jumamosi hiyo."

"Wakati gani?"

"Alasiri. Kabla sijaondoka. Baadaye ndiyo wakagombana na fundi."

"Na huyo wa Brazil ulimsikia vilevile?"

"Nilimsikia. Redio ilikuwa juu. Mwanamme, sauti nzito, na anamwita kwa jina lake."

"Vizuri?"

"Vizuri kama wewe ulivyosimama hapa."

Nassra alimwangalia Pooja.

"Hapana," alisema Pooja.

"Hapana nini?" aliuliza Wakil.

"Alasiri hapana. Njia hii mchana imelala. Jua likiwa juu linalimeza wimbi lote. Ukibahatika sana utasikika Dar. Brazil huisikii mpaka giza liingie huku na kule. Usiku, usiku kabisa. Kila mtu wa redio anajua, hata aliyeanza jana."

"Basi labda ilikuwa Dar."

"Umesema Brazil," alisema Nassra.

"Nimesema kwa kudhani. Labda siku nyengine. Ndiyo, siku nyengine! Mie napita hapa kila mara."

"Siku nyengine ipi? Mlingoti huu umesimama Jumamosi saa saba mchana. Jumapili asubuhi uko chini. Hapa pamekuwa na usiku mmoja tu wa Brazil, Bwana Wakil, na usiku huo wewe umetuambia ulikuwa umelala kwenu."

Upepo uliyavuta makuti juu ya doa. Suhaib alikuwa amekwisha kujisogeza baina ya Wakil na njia ya gari, bila kuambiwa, akijifanya anakunja utepe.

"Hukuja usiku kumsikiliza," alisema Nassra. "Ulikuja kwa hili." Alipiga kiatu kwenye jiwe la mpaka. Kitako cha jiwe kilikuwa na udongo mbichi mwekundu upande mmoja, na ukoka wa upande wa pili ulikuwa umenyong'onyea chini yake. "Lilikuwa pale. Limesogezwa huku. Ungelisogeza kiasi cha kupata njia ya mteja wako ya kufika baharini, mzee hana habari, yumo ndani anazungumza na dunia."

"Jiwe lolote husogea."

"Ukoka haujafa bado. Limesogea wiki hii. Nikilipeleka maabara na mchanga ulioko chini yake, nitapata damu ya nani?"

Wakil alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Halafu akakaa chini mchangani na suruali yake safi.

"Alimwambia yule mtu asubiri," alisema.

Nassra alisita kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nani?"

"Shabbir. Alisikia jiwe. Akamwambia yule wa Brazil asubiri kidogo, akatoka na tochi. Akanimulika usoni. Akasema, Wakil, hata usiku? Tukashikana. Mie nilikuwa na jiwe hilo mkononi. Sikukusudia, wallahi sikukusudia, nilitaka anizimie tochi."

"Ukakata kamba uangukie huku, ionekane mlingoti ndio uliomuua."

"La." Wakil alitikisa kichwa, kana kwamba hilo tu ndilo lililomuuma kusingiziwa. "Hilo nililifikiri asubuhi, nilipoona ulikolala. Usiku nilikata kwa sababu ya yule mtu. Alikuwa anaita. Shabbir, Shabbir. Ananyamaza, anaita tena. Niliingia kibandani niizime redio, vifungo vingi, sikijui hata kimoja, nikishika hiki sauti inazidi. Anauliza kama yuko. Upole kabisa anauliza. Nikatoka, panga nililochimbulia jiwe ninalo, nikakata kamba ya kwanza niliyoiona, mlingoti ukaenda, ndiyo akanyamaza."

Suhaib alimwinua, akamfunga pingu mbele, kwa taratibu.

Nassra alikuwa tayari na simu sikioni. "Kituo? Nassra. Mtoeni Munir. Sasa hivi, si kesho. Nakuja na mwenyewe, na maneno yake nimeyasikia mimi, Koplo na Daktari Pooja. Naam? Karatasi nitaisaini nikifika. Nimesema mtoeni. Na huyo bibi kwenye benchi aambiwe na wewe kwa mdomo wako, uende nje umwambie."

Aliikata. Akatazama mchangani, akamwangalia Wakil, ambaye alikuwa amesimama lakini haendi.

"Twende," alisema Suhaib.

"Yule mtu," alisema Wakil. Alikuwa anamwambia Pooja. "Yule wa Brazil. Ameshaambiwa?"

Pooja alitazama bahari, jua lilikuwa bado juu yake.

"Bado," alisema. "Mpaka usiku uingie."